Fidia ya mfanyakazi: Deni linalogeuzwa sadaka

 

Ndugu Waislamu, sisi tunaoswali Ijumaa katika misikiti ya mijini tumezoea jambo moja. Imamu akishatoa salamu, kabla watu hawajaanza kunyanyuka kutafuta viatu vyao, husimama mtu karibu na mimbari akaomba radhi kwa kuwachelewesha waumini. Kisha hueleza: kuna ndugu yetu, ni saidia fundi, alikuwa juu ya mirunda ghorofa ya tatu, mbao ikakatika, akaanguka na kuvunjika nyonga. Yupo hospitali wiki ya tano sasa. Mkewe na watoto wanne wapo nyumbani na mwenye nyumba anadai kodi yake. Kapu linapitishwa, noti za elfu moja na elfu mbili zinaingia, na mwenye elfu kumi naye hatoki nyuma. Allah awalipe kheri wote wanaotoa, kwani lau si makapu hayo, wapo ambao wangekufa na njaa juu ya majeraha yao.

Lakini ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza swali ambalo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Huyu ndugu yetu alikuwa akimfanyia nani kazi? Na huyo aliyekuwa akimfanyia kazi, jina la huyu kijana alilipeleka wapi tangu siku alipompa sururu na kumwambia panda juu?

Si ajabu swali hilo likiulizwa ikaonekana kuwa mwajiri mwenyewe yumo humo humo msikitini, safu ya kwanza, naye ametia elfu kumi kapuni na anatoka nje akiwa na utulivu wa moyo kwamba amemsaidia kijana wake. Ndugu yangu, kama wewe ndiye tajiri wa kijana huyo, ile elfu kumi yako si sadaka. Umemdokolea mtu kidogo katika haki yake mwenyewe, tena mbele za watu, ukataka ushukuriwe.

Hebu tuanze na sheria ya nchi ilivyo, maana wengi tunaisikia kwa mbali tu. Hapa Tanzania Bara ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008, ambayo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaojulikana kwa kifupi kama WCF. Kabla yake tulikuwa tukienda na sheria tuliyoachiwa na Mwingereza, ambayo viwango vyake vilibaki pale pale huku thamani ya shilingi ikiporomoka mwaka hadi mwaka. Kwa sheria ile, aliyepata ulemavu wa kudumu hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000, na familia ya aliyekufa kazini haikuweza kupata zaidi ya shilingi 83,000. Mtu anapoteza mkono wa kulia, analipwa fedha isiyotosha kununua baiskeli nzuri! Na hata baada ya Bunge kupitisha sheria mpya mwaka 2008, Mfuko wenyewe haukuanza kazi mpaka Julai 1, 2015, na mafao yakaanza kutolewa Julai 2016. Katikati ya miaka hiyo ya kusubiri, Ijumaa ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, jirani kabisa na msikiti, liliporomoka na kuua watu 36. Waliokuwa wakifanya kazi pale siku ile walikuwa na sheria nzuri juu ya karatasi, basi.

Sasa utaratibu wa Mfuko ni huu. Kila mwajiri, wa serikali na wa binafsi, anatakiwa ajisajili na kuwasilisha kila mwezi mchango unaokokotolewa kutokana na mishahara anayolipa. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1, ikapunguzwa, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Mchango huu ni wa mwajiri peke yake. Si kama ule wa pensheni ya uzeeni ambao mfanyakazi naye hukatwa. Mwajiri anayemkata mfanyakazi wake hata shilingi moja kwa jina la WCF amevunja sheria, na kwa lugha yetu sisi amekula mali ya mtu kwa batili.

Tupige hesabu ili tuone ukubwa wa mzigo wenyewe. Saidia fundi anayelipwa shilingi 15,000 kwa siku, akifanya kazi siku 26, anapata shilingi 390,000 kwa mwezi. Nusu ya asilimia moja ya fedha hiyo ni shilingi 1,950. Haifiki bei ya sahani ya wali nyama kwa mama lishe. Hiyo ndiyo fedha ambayo tajiri anaikwepa, halafu kijana akianguka, msikiti mzima unaombwa uchangie.

Na akianguka kijana ambaye mchango wake ulikuwa unalipwa, mambo huwa tofauti kabisa. Mfuko unagharamia matibabu yake. Kwa muda ambao hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara wake, mpaka miezi 24. Yaani yule wa 390,000 anapata 273,000 kila mwezi akiwa kitandani, na mwenye nyumba anapata kodi yake. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari wanaupima kwa asilimia: ukiwa ni asilimia 30 au chini yake analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo analipwa pensheni kila mwezi. Kama hawezi tena kujihudumia mwenyewe, ipo posho ya anayemhudumia. Upo utengamao, yaani kumrejesha mtu katika hali ya kuweza kujitegemea. Akifariki, yapo malipo ya mazishi na pensheni kwa wategemezi wake. Na si ajali tu: maradhi yanayotokana na kazi nayo yamo, kama mapafu ya aliyevuta vumbi la mawe miaka kumi au masikio ya aliyesimama miaka mingi mbele ya mashine zenye kelele.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo lenye uzito kuliko yote katika sheria za namna hii tangu Ujerumani ilipoanza na ya kwanza mwaka 1884, ni kwamba mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kuwa tajiri wake alizembea. Haulizwi ni kosa la nani. Anaulizwa: ulikuwa kazini? Umeumia kwa sababu ya kazi? Hilo linamwondoa maskini katika mikono ya mahakama na mawakili ambao asingewaweza.

Hapa sasa ndipo baadhi yetu tunapoanza kujificha nyuma ya dini. Nimezisikia hoja hizo kwa masikio yangu, tena kutoka kwa watu wanaoswali, na nitazijibu kwa kadiri Allah atakavyoniwezesha.

Wa kwanza husema: "Ajali ni kudra. Mola ndiye aliyepanga kijana aanguke, mimi nina kosa gani?" Ni kweli hakuna linalotokea nje ya kudra ya Allah. Lakini hebu tuisome Suratun Nisaa, aya ya 92. Mtu aliyemuua muumini kwa bahati mbaya, hakukusudia, hakupanga, na bila shaka ilikuwa kudra, ameamriwa nini? Ameamriwa aache huru mtumwa na diya ifikishwe kwa ahali za marehemu, ila wao wenyewe wakisamehe. Kudra haikuifuta diya. Na yule bedui aliyemuuliza Mtume (SAW), kama ilivyopokewa na Tirmidhi, iwapo amfunge ngamia wake au amwache na amtegemee Mola, alielekezwa amfunge kwanza kisha ndiyo ategemee. Tajiri anayempandisha mtu ghorofa ya tatu bila mkanda, juu ya mirunda iliyooza, halafu akasema ni kudra, huyo hakumfunga ngamia. Tena ngamia mwenyewe ni mtoto wa mwenzake.

Wa pili ana elimu kidogo, na hoja yake ni nzito zaidi. Anasema: "Katika Bukhari na Muslim kuna hadithi kwamba anayefia katika kisima au katika machimbo hana fidia, na wanazuoni wameeleza kuwa makusudio ni mtu aliyeajiriwa kuchimba, kikamporomokea. Sasa hii fidia inatoka wapi?" Hadithi hiyo ni sahihi, na maelezo hayo ya wanazuoni yapo. Lakini hayo ni kwa mwajiri ambaye hakuzembea wala hakuvuka mpaka. Ukimpa mtu ngazi unayoijua kuwa imepasuka, au mashine ambayo kinga yake uliivua ili kazi iende haraka, hapo umeingia katika mlango wa dhamana, na hadithi ya kisima haikusaidii. Halafu, hata kama huna kosa, kuna sharti. Mtume (SAW) amefundisha, kama alivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Waislamu wanabanwa na masharti waliyowekeana maadamu hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali. Na kanuni ya mafakihi ni kwamba jambo lililokwisha kujulikana na kuzoeleka katika nchi huchukuliwa kama limeshurutishwa ndani ya mkataba, hata lisipotajwa. Umemwajiri mtu Dar es Salaam, Mwanza au Tanga, katika nchi ambayo sheria yake inasema mwajiri anamchangia mfanyakazi dhidi ya ajali. Sharti hilo limeingia katika mkataba wako utake usitake, na aya ya kwanza kabisa ya Suratul Maida ni amri kwa walioamini ya kutimiza mikataba.

Wa tatu ndiye tunayemsikia zaidi siku hizi: "Bima ni haramu, mimi siingii." Huyu tumpe haki yake, kwa sababu msingi wa maneno yake ni wa kweli. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha pili kilichofanyika Jeddah Desemba 1985, liliamua kuwa bima ya kibiashara, ile ambayo kampuni inauza mkataba wenye mashaka ndani yake ili ipate faida, ni haramu. Lakini baraza hilo hilo, katika uamuzi huo huo, likasema mbadala wake wa halali ni bima ya ushirikiano, ambayo watu wanachanga kwa kujitolea ili mmoja wao akipatwa na janga asaidiwe kutoka katika fungu la wote. Mtu anayenukuu nusu ya kwanza ya fatwa na kuimeza nusu ya pili anatafuta njia ya kubakiwa na shilingi 1,950.

Mfuko wa fidia haumilikiwi na wenye hisa wanaogawana faida. Wala mfanyakazi hanunui kitu. Ni fungu lililowekwa na sheria, waajiri wote wanalichangia, na anayeumia analipwa humo. Na sisi Waislamu si wageni wa jambo hilo. Walipogombana wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, mmoja akamrushia mwenzake jiwe na kumuua pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni, Mtume (SAW) alihukumu diya ya marehemu ibebwe na aakila, yaani jamaa wa upande wa baba wa yule aliyeua. Mzigo ambao ungemvunja mtu mmoja uligawanywa kwa wengi. Sayyidna Umar bin al-Khattab (RA) alipoanzisha diwani, ile daftari ya askari na posho zao, wanazuoni wa Kihanafi wanasema aliwafanya watu walioandikwa katika diwani moja kuwa ndiyo aakila wa wenzao, kwa sababu sasa kilichokuwa kinawaunganisha watu ni kazi na daftari, na si nasaba peke yake. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi hawakulifuata hilo, wao wamebaki na jamaa wa damu. Lakini angalia jinsi Maswahaba walivyolifikiri jambo lenyewe: mtu aliyetoka kwao akaja mjini, jamaa zake wapo mbali, atabebwa na nani? Na je, kijana aliyetoka Lindi au Kondoa akaja kubeba zege Kinondoni, yeye atabebwa na nani?

Wapo pia wale Ashari ambao Abu Musa (RA) amesimulia habari zao. Chakula kilipopungua safarini au mjini walikusanya kila mmoja alichonacho katika nguo moja wakagawana sawa sawa, na Mtume (SAW) akawasifu kuwa hao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Saudi Arabia yenyewe, ambako wengi wetu tunatazama tukitafuta fatwa, ina sheria ya bima ya jamii inayomtaka mwajiri alipe asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazini. Asilimia 2, ndugu zangu, mara nne ya hii tunayoikimbia.

Inabaki hoja ya riba. Ni kweli fedha za mifuko ya umma huwekezwa pia katika hati fungani za serikali zenye riba, na Muislamu anayelichukia jambo hilo amefanya sawasawa kulichukia. Lakini hoja hiyo ipelekwe panapohusika, kwa wenye mamlaka ya Mfuko na kwa serikali. Wadaiwe njia isiyo na riba, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2022 sukuk zimekuwa zikitolewa na kuuzwa hapa hapa nchini. Taasisi zetu zikilisimamia hilo zitakuwa zimefanya kazi ya maana. Kinachoshangaza ni mtu ambaye duka lake limejengwa kwa mkopo wa benki, gari lake lina bima ya kampuni ya biashara kwa sababu trafiki atamkamata asipokuwa nayo, lakini ucha Mungu wake unaamka siku ya kumwandikisha kibarua.

Na wengine hawana hoja yoyote. Wamejisajili, cheti kimetundikwa ukutani nyuma ya meza, lakini ana wafanyakazi kumi na watano na ameandikisha watatu. Au analipa laki nne na ameandika laki moja na nusu. Huyu anadhani amemwibia serikali, na moyoni anajiambia serikali haikosi. Ukweli ni kwamba fao linakokotolewa kwa mshahara ulioandikwa. Siku kijana akikatwa vidole na mashine, zile asilimia 70 zitahesabiwa kutoka kwenye laki moja na nusu, na atapata 105,000 badala ya 280,000. Kila mwezi. Kwa hiyo aliyeibiwa ni kijana. Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia adhabu wale ambao wakijipimia wao huchukua kamili na wakiwapimia wengine hupunja. Tumezoea kuisoma sura hiyo tukiwafikiria wenye mizani ya nyama na mchele, lakini daftari la mishahara nalo ni mizani.

Kuna na wale ambao ajali ikitokea wanaifunika. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba tangu alipojua. Yeye badala yake anamwita majeruhi pembeni: "Mdogo wangu, haya mambo ya ofisini yana usumbufu, wakija kukagua watatufungia wote mkose kazi. Chukua laki mbili hii, weka sahihi hapa." Na kijana anaweka sahihi kwa sababu ana njaa na mguu unamuuma. Hivi hiyo ndiyo ridhaa? Yule mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (AS), katika Suratul Qasas aya ya 27, alimweleza muda wa kazi na malipo yake, kisha akamhakikishia kuwa hataki kumtia mashakani. Maneno hayo yalisemwa na mwenye mali kumwambia mkimbizi asiye na kitu, mtu ambaye angeweza kumfanya alivyotaka.

Tukumbushane pia hadithi ya muflisi ambayo Imamu Muslim ameipokea. Mtu atakuja siku ya Kiyama na swala zake, funga zake na zaka zake, lakini huyu alimtukana, yule alimlia mali yake, mwingine alimwaga damu yake. Basi thawabu zitagawiwa kwa hao wote, zikiisha kabla madeni hayajaisha, dhambi zao atabebeshwa yeye. Na Bukhari amepokea hadithi qudsi kwamba Allah mwenyewe atakuwa hasimu wa watu watatu siku hiyo, mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mchango wa fidia si mshahara wa mkononi, nakubali, lakini ni sehemu ya kile alichostahiki kwa kazi aliyoifanya. Elfu kumi ya kapuni Ijumaa haitaingia katika hesabu hiyo kama malipo.

Sasa niseme neno ambalo huenda baadhi ya wazee wetu wasilipende. Misikiti yetu, madrasa zetu, shule za Kiislamu, vituo vya yatima na zahanati, nazo ni waajiri. Kuna walimu wanaolipwa mshahara, kuna mpishi, kuna mlinzi anayelala getini, kuna dereva wa basi la wanafunzi. Wameandikishwa? Kamati inaajiri fundi apande mnara kurekebisha spika, juu ya ngazi iliyofungwa kamba, na wote tunasimama chini tukisema Maashallah. Akianguka, itakuwa ametumikia nyumba ya Allah na tutamwombea dua. Dua ni nzuri. Ila hata mwenye kusimamia nyumba ya Allah hana ruhusa ya kumdhulumu mja wa Allah, na wadhamini wa msikiti wanapaswa kuwa wa kwanza kuwa na namba ya usajili ili wapate uso wa kumkemea mfanyabiashara.

Nanyi mnaofanya kazi, amana iko kwenu pia. Mkanda ukitolewa uvae. Ukiumia nje ya kazi, kwenye mpira au kwenye bodaboda yako ya jioni, usije asubuhi ukasema umeangukia kiwandani. Fungu hilo ni la wenzako waliokatika miguu kweli kweli. Sheria humnyima fidia aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, ingawa imeacha mlango pale ambapo amekufa au amepata ulemavu mkubwa, ili watoto wasiadhibiwe kwa kosa la baba. Ukiumia, toa taarifa kwa tajiri wako mapema na mbele ya shahidi, hata kama jeraha unaliona dogo. Tunza karatasi za hospitali. Madai yana muda, miezi 12, baada ya hapo haki inaweza kupotea. Na wewe uliyeambiwa kuwa kibarua hahusiki, hilo si kweli. Tajiri akikataa kukuandikia, nenda mwenyewe katika ofisi ya Mfuko, au pitia chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi ya eneo lako. Usipokubaliana na uamuzi wa Mfuko, unaweza kuomba upitiwe upya.

La mwisho linahusu waliobaki nyuma. Mtu amekufa kazini, na Mfuko unataka kujua wategemezi wake ni nani. Hapo ndipo inapogundulika kuwa ndoa ilifungwa sebuleni kwa mjomba, mashahidi wawili, sheikh akasoma khutba, wali ukaliwa, lakini cheti hakikuchukuliwa. Ndoa mbele ya Allah ni sahihi, hakuna shaka. Mbele ya karani wa fidia mjane huyo ni mwanamke aliyekuja na maneno matupu, na akiwa mke wa pili ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Masheikh wanaofungisha ndoa wahimize vyeti, na mababa wachukue vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao wangali hai.

Na fedha ikitoka, wasije mashemeji na baba wadogo wakasema ni mirathi, iletwe igawanywe kwa mafungu. Mshahara aliokuwa akidai marehemu mpaka siku anakufa, huo ni mali yake na unaingia katika mirathi bila shaka. Lakini pensheni ya wategemezi haikuwa mali ya marehemu hata siku moja alipokuwa hai. Imewekwa na sheria baada ya kifo chake kwa jina la mjane na jina la mtoto, na wapo wanazuoni wa zama hizi wanaoona kuwa ya namna hiyo si tirka, ni ya yule aliyeandikiwa. Penye utata aulizwe sheikh mwenye elimu ya mirathi kabla mtu hajanyoosha mkono, maana sehemu kubwa ya fedha hiyo ni ya yatima, na Suratun Nisaa aya ya 10 imeeleza wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanajaza nini matumboni mwao.

Wabillahi tawfiq.